Begi la Unga

Usiku wa kuamkia safari nilitandika mkeka sebuleni, nikaupanga unga wote juu yake na kuuhesabu mara ya tatu. Muhogo kilo 8, mtama kilo 4, mchele kilo 3. Kila kilo ilikuwa ndani ya mifuko miwili, mmoja ndani ya mwengine, na juu yake karatasi yenye jina la unga kwa Kiswahili na Kiarabu. Pembeni palikuwa na kilo 2 za choroko, sufuria mbili mpya, mwiko, chujio, kisu, na kikaango kidogo ambacho tangu kitoke dukani hakijapikiwa chapati hata moja.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kochi, kimya. Mwisho akasema, "Mke wangu, hiyo ni mifuko 15 ya vumbi jeupe, na unakwenda nayo Uarabuni."

Sikumjibu. Nilikuwa nikiliwaza hilo tangu siku niliyokata tiketi. Sisi watu wa Unguja tunajua neno unga limebeba nini siku hizi. Mjini hapa kuna mama wengi waliopotelewa na vijana wao kwa unga ule mwengine, na adhabu zake katika nchi za Ghuba ni nzito. Nilikuwa nikilala naota nimesimama mbele ya askari nisiyejua lugha yake, mkononi nina mfuko wa makopa ya muhogo yaliyotwangwa, na nyuma yangu mtoto analia njaa.

"Kwani Muscat hakuna mchele?" akaniuliza.

Mchele upo, tena mchele mzuri. Lakini asubuhi nyumba nzima inapokula mkate, mtoto wa miaka 6 hawezi kupewa wali kila siku akaridhika. Isitoshe, unga wa dukani sijui umesagwa kwenye mashine gani, na mashine hiyo imesaga nini kabla yake. Kwa mtoto wangu jambo hilo ndilo linaloamua kama usiku atalala au atatapika.

Binti yangu ana maradhi yanayoitwa siliaki. Ndani ya ngano, shayiri na rai mna protini iitwayo gluteni. Mtu mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake inageuka na kuushambulia utumbo wake mwenyewe. Vile vinyweleo vidogo ndani ya utumbo mdogo vinavyofyonza chakula vinaliwa mpaka vinalala, na mtoto anakonda huku sahani iko mbele yake. Hayana kidonge wala sindano. Dawa yake ni kutoila ngano maisha yote, hata kombo lake. Chakula kinachoruhusiwa kuandikwa kuwa hakina gluteni, kwa kipimo cha kimataifa cha Codex kinachotumika katika nchi nyingi, hakitakiwi kupita miligramu 20 za gluteni katika kilo nzima. Mtu akikata boflo kwa kisu kisha akamenyea embe la mwanangu kwa kisu hicho hicho, basi tena.

Haya nayaeleza kwa utulivu leo. Ilinichukua zaidi ya miaka mitatu kuyajua, na miaka hiyo sitaki kuipita mbio.

Alianza kuharibika alipoanza kula. Mpaka miezi 7 alikuwa mtoto mnene, mchangamfu. Nikamwanzishia boflo lililorowekwa kwenye chai ya maziwa, kama tulivyolelewa sote, kisha tambi, kisha mkate wa maji. Kufika mwaka na nusu tumbo lilikuwa limevimba, mapaja yamenywea, ngozi ya makalio inaning'inia. Anaharisha, anapata nafuu, anaharisha tena. Akawa mkali, hataki kushikwa. Wakaniambia jicho. Wakaniambia chango. Nikapelekwa kwa wazee, akaogeshwa majani, akasomewa. Kisha wakaanza kuninong'oneza lile neno ambalo mama wa pwani hulisikia akatamani ardhi immeze: mtoto kabemendwa. Maana yake mimi au baba yake tumekwenda ovyo wakati wa kunyonyesha, na mtoto ndiye aliyelipa. Jirani mmoja aliacha kumpokea mwanangu mikononi. Mume wangu, Mungu amjaalie kheri, hakuniuliza hata siku moja. Lakini nilimwona jinsi alivyokuwa akirudi msikitini kichwa chini.

Kituo cha afya wakampima mkono kwa ule utepe wa rangi, wakasema utapiamlo, nimpe uji wa lishe. Nikanunua unga wa lishe: mahindi, soya, karanga, na ngano. Nilimkalisha mapajani asubuhi na jioni, nikimbana mashavu anywe. Alikuwa akigeuza uso. Nikamlazimisha. Mara nyingi nimemwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa vikombe vile, ingawa nilivitoa kwa mapenzi.

Kulikuwa na dalili moja, nami nikaipita. Mwaka aliotimiza miaka mitatu tulikwenda Makunduchi kwa bibi yake mzaa baba, tukakaa wiki tano. Huko boflo lilikuwa halifiki kila siku. Tulikula bada, ugali wa unga wa muhogo, kwa mchuzi wa samaki, muhogo wa nazi, mtama, choroko, viazi vitamu. Wiki ya tatu mtoto aliacha kuharisha. Wiki ya tano alikuwa akikimbia ufukweni na wenzake, na bibi yake akasema hewa ya shamba imemfaa. Tukamshukuru Mungu kwa hewa, tukarudi mjini, nikamkaribisha kwa boflo la moto na siagi. Mwezi haukuisha alikuwa amelala tena.

Alipokuwa na miaka minne tulivuka kwenda Dar es Salaam. Daktari wa watoto aliyempokea alisikiliza mpaka mwisho bila ya kutazama saa. Akachukua damu, akatafuta kingamwili. Majibu yalipokuja akasema inabidi aingizwe kamera tumboni kuhakikisha, na mpaka siku hiyo nisimwachishe ngano, kwa sababu utumbo ukianza kupona kipimo kinaweza kudanganya. Wiki mbili. Wiki mbili za kumlisha mtoto wangu kwa makusudi kile nilichokwisha kuambiwa kinamla. Nilikuwa nikimpa mkate huku naangalia ukutani.

Daktari yule ndiye aliyenieleza habari ya mwenzake wa zamani, Mholanzi aitwaye Willem Karel Dicke. Alikuwa akitibu watoto wa namna hii kabla ya Vita Kuu ya Pili, na alishaanza kuushuku mkate. Ikaja njaa ya Uholanzi ya kipupwe cha 1944 na 1945, mkate ukaadimika, watu wakala walichokipata. Watoto wa Dicke, ambao kwa desturi walikuwa wakidhoofu, wakaendelea vizuri. Ngano iliporudi, maradhi yakarudi nayo. Mwaka 1950 akaandika tasnifu yake juu ya ngano na maradhi hayo. Nilipoisikia hadithi hiyo nilianza kulia pale pale ofisini, na daktari akadhani nalilia Uholanzi. Nilikuwa nalilia Makunduchi. Bibi mmoja na chungu chake cha bada alikuwa ameshamtibu mwanangu, na mimi nikamrudisha mjini.

Nikamuuliza daktari iweje maradhi ya Wazungu yampate mtoto wa Unguja. Akaniambia si ya Wazungu peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwapima watoto wa Kisaharawi, wa Sahara Magharibi, ukakuta asilimia 5.6 wanayo, kiwango kikubwa kuliko cha Ulaya. Yanafuata damu. Na damu yetu imechanganyika: babu yangu mzaa mama asili yake Oman, na kwa njia hiyo kaka yangu yuko Muscat mpaka leo, na mama yangu mzazi yuko kwake.

Mama alipangiwa upasuaji wa goti. Akapiga simu: "Mwanangu, nikiamka salama nataka nimwone mjukuu wangu. Nisipoamka, angalau awe amekuja." Kwa maneno hayo nani anakataa safari?

Nilijitayarisha miezi miwili. Nilinunua kinu kipya na mchi wake, kwa sababu mashine ya mtaani kwetu inasaga ngano asubuhi na muhogo mchana. Makopa yakaletwa kutoka Makunduchi, yameanikwa juu ya mkeka wao wenyewe. Mtama tuliupeta na kuuchambua punje kwa punje, maana sokoni magunia hukaa pamoja, na ngano huchanganyika. Nilitwanga kila jioni baada ya sala ya alasiri. Mikono ikatoka malengelenge, yakapasuka, yakaota sugu. Daktari akaniandikia barua ya Kiingereza yenye muhuri: jina la mtoto, maradhi, vyakula alivyokatazwa, na kwamba unga huu ni chakula chake cha tiba. Ustadhi wa madrasa ya mtaani akaitafsiri kwa Kiarabu, akakataa malipo. Alinifundisha pia kuyatambua kwa macho maneno mawili, qamh na burr, yote ngano. Shayiri hakuwa na haja ya kunifundisha, kwa sababu neno letu ni lao.

Shirika la ndege nililipigia simu mara mbili kuomba chakula kisicho na gluteni, kile kinachoandikwa kwa msimbo GFML. Wakanithibitishia mara zote mbili.

Uwanjani Zanzibar begi lilipita kwenye mashine, likarudishwa, likapita tena. Nikaitwa pembeni. Askari kijana akavitoa vifuko kimoja kimoja, akavipanga mezani mbele ya watu waliosimama foleni nyuma yangu. Nilihisi macho yao mgongoni. "Unga huu wa nini, mama?" Nikasema wa muhogo. Nikampa barua. Akaisoma taratibu, akafungua mfuko mmoja, akanusa. Harufu ya makopa haijifichi. Akanitazama, akamtazama mtoto, akasema, "Huu wa bada." Nikasema ndiyo, wa bada. Akafunga.

Chupa ya uji ndiyo iliyoleta shida zaidi. Ilikuwa mkobani, na vimiminika ndani ya ndege vina kiwango chake cha mililita 100, ingawa chakula cha mtoto na cha mgonjwa huruhusiwa kupita hapo baada ya kukaguliwa. Wakaniambia nionje mbele yao. Nikanywa mafunda mawili. Wakaniachia.

Safari ya Muscat ni mwendo wa kama saa tano. Nilikuwa nimechukua chakula cha kutosha saa kumi, nikijiona nimekadiria vyema: uji, muhogo wa kuchemsha, mayai, ndizi mbivu, vitumbua sita vya mchele. Ndege ikachelewa. Kwanza saa mbili, kisha nne, kisha hawakusema tena. Abiria wakagaiwa mikate yenye jibini na soda. Mwanangu akakaa kwenye kiti cha chuma, akawaangalia watoto wenzake wanavyokula. Mmoja, kitoto cha miaka mitatu hivi, akamwendea na kumnyooshea kipande chake. Mwanangu akaweka mikono yake nyuma ya mgongo, akasema, "Ahsante, mimi naumwa na mkate." Sikuwa nimemfundisha neno hilo. Amelitunga mwenyewe.

Tuliporuka, vitumbua vilikuwa vimeisha, na mayai nilishayatupa kwa kuogopa joto. Nikasema si kitu, kuna kile chakula cha ndege. Kikaja na jina la mtoto juu yake: wali, kuku, mboga, na pembeni, ndani ya karatasi yake, kipande cha mkate wa ngano. Nikamwita mhudumu. Akaomba radhi, akataka kuuondoa mkate aniachie sahani. Lakini aliyeweka mkate pale hakujua anachokiweka, basi na mchuzi wa kuku ameutia unga gani? Nikairudisha yote. Tulifika Muscat mtoto ana ndizi mbili na maji tumboni tangu adhuhuri.

Kwenye forodha nilisimama dakika 40. Afisa hakunifokea hata mara moja, nataka niliseme hilo. Aliisoma barua ya Kiarabu yote, akatoboa mifuko mitatu, akapima alichokipima, akapiga simu, akaenda, akarudi. Mwanangu alikuwa amelala juu ya troli, mdomo wazi. Afisa akamtazama, akaniambia maneno ambayo sikuyaelewa isipokuwa moja, shifaa. Nikaitika amin. Mifuko ile mitatu iliyotobolewa ikamwagika ndani ya begi, na karibu kilo moja na nusu tuliikuta imeenea kwenye nguo.

Nilidhani uwanja wa ndege ndio mlima wenyewe. Kwa mwenye mtoto wa namna hii, mlima uko mezani kwa watu wanaokupenda.

Kaka yangu anakaa Seeb, mkoani Muscat. Mkewe, wifi yangu, kazaliwa huko huko, lakini Kiswahili chake ni cha nyumbani kabisa. Alikuwa ametupikia tangu jana yake: sambusa, chapati za maji, kuku wa kupaka, kaimati. Alitupokea mlangoni na udi. Na mimi, kabla sijakaa, nikauliza kama kuna jiko la pembeni ninaloweza kulitumia peke yangu.

Niliuona uso wake ukibadilika. Hakusema kitu siku hiyo. Siku ya tatu nilipokuwa nikisugua beseni ambalo yeye alishalisugua, akasimama nyuma yangu. "Wifi, niambie kweli. Kwani chakula changu kichafu?" Sauti ilikuwa inamtetemeka. Nikaacha kusugua. Nilikuwa nimeeleza maradhi kwa simu, nimetuma barua, nimesema yote, na hakuna kilichoingia, kwa sababu hawezi mtu kuyaona mambo haya kwa kusikia tu. Nikamwambia, "Njoo asubuhi unapokanda chapati, nikuoneshe." Kesho yake, jua lilipoingia dirishani, nikamwomba apige tonge la unga juu ya ubao kama kawaida yake. Vumbi likapanda. Likaelea ndani ya mwanga, likatua juu ya sahani, juu ya masufuria, juu ya matunda. Akalitazama mpaka likaisha. Akasema, "Ya Rabi, lote hili?" Siku hiyo hiyo akanihamishia jiko la gesi la kichwa kimoja uani, chini ya mkungu, na kila mtoto wa nyumba ile akakatazwa kufika pale na mkate.

Upasuaji ukapita salama, na mama akatolewa hospitali siku ya nane. Wageni wakaanza kuja kumjulia hali, na Waomani hawaendi kumtazama mgonjwa mikono mitupu. Zikaja tende, likaja sinia la halua, yakaja mabakuli ya harisi, ambayo sisi tunaiita boko boko: ngano na nyama iliyopigwa mpaka ikawa kitu kimoja. Halua niliuliza imepikwa kwa wanga wa nini. Hakuna aliyeweza kunijibu, basi nikaipita. Tende na kahawa ndivyo vilivyotuokoa. Katika kila nyumba tuliyoingia, tende ilikuwepo, na mwanangu aliweza kunyoosha mkono kama mtoto yeyote.

Ilikuwa baada ya sala ya Ijumaa. Niko uani nasonga bada. Mama amekaa kitandani, mjukuu wake pembeni yake. Akauona mkono wa mtoto, mwembamba bado. Akamwona anavyolitazama bakuli la harisi. Akachota kwa vidole viwili, akamtia mdomoni, mara mbili. "Mtoto apate nguvu," alisema baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 71, amelea watoto saba na wajukuu asiowahesabu, na hajapata kuona nyama na ngano vikamdhuru mtoto.

Kutapika kulianza magharibi. Usiku wa manane alikuwa akiharisha maji, macho yameingia ndani. Tukampeleka kliniki ya jirani, akatiwa dripu. Kwa siku tatu hakusimama. Siku ya pili nilirudi nyumbani kubadilisha nguo, nikamkuta mama kitandani ameelekea ukutani. Hakuwa amekula. Wifi akaniambia kwa ishara kwamba ndivyo alivyo tangu jana.

Nilikuwa na hasira. Sitalificha hilo, kwa kuwa ushuhuda wenye kuficha haumfai mtu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikakaa kitandani, nikamshika mguu wake unaouma, na yale maneno sikuyaona yamekwenda wapi.

Mama akasema bila ya kugeuka, "Nilikuwa na mdogo wangu. Hujapata kumsikia, hatumtaji. Alikuwa na tumbo hivi hivi. Mama alikuwa akimpa mkate wa maziwa, kwa kuwa ndiye mgonjwa, sisi wengine tunakula muhogo. Mkate tulikuwa tunamwonea wivu." Akanyamaza. "Alikufa na miaka minne. Walisema kabemendwa. Baba na mama hawakuzungumza vizuri tena."

Hakuna anayeweza leo kumpima mtoto aliyezikwa zaidi ya miaka sitini iliyopita. Ninalojua ni kwamba maradhi haya hupita ndani ya ukoo, na ndugu wa damu wa karibu wa mgonjwa hushauriwa nao wapimwe. Nilikaa pale mpaka mama akageuka. Tukalia, mimi na yeye, tukimlilia mtoto ambaye jina lake ndiyo kwanza nalisikia, na bibi yangu aliyekwenda kaburini na aibu ambayo huenda haikuwa yake.

Tangu siku hiyo mlinzi wa mwanangu alikuwa mama. Alikuwa akitembelea fremu lakini sauti yake ilifika mlangoni. Mgeni akiingia na sahani, anaulizwa kwa Kiarabu kabla ya kukaa: qamh imo? Burr imo? Mgeni mmoja aliyeleta biskuti akasema moja haitamdhuru. Mama akamjibu kwa utaratibu, "Moja ndiyo iliyomtia dripu, nami ndiye niliyempa." Alilisema hilo mbele ya watu kila ilipobidi. Sijui kama mimi ningeweza.

Tulikuwa tumepanga siku 24, tukakaa 38, kwa sababu ya goti na ya mtoto mwenyewe. Unga ukaisha siku ya 29. Kaka yangu akanipeleka kwenye duka kubwa lenye rafu ya vyakula visivyo na gluteni, na nilisimama mbele ya rafu ile nikiipapasa. Mkate upo, tambi zipo, biskuti zipo, vyote kutoka Ulaya. Bei ya mkate mmoja, mdogo kama kiganja, niliigeuza kuwa shilingi kichwani, nikaurudisha. Kaka akauchukua, akautia kwenye kikapu bila ya kuniangalia. Mwanangu aliutafuna kidogo, akasema umekauka.

Wifi ndiye aliyeipata njia. Siku moja alirudi na mfuko wa muhogo uliomenywa na kugandishwa, wa kutoka India, anaowauzia wateja wake wa Kerala muuza duka mmoja wa mtaa wa nyuma. Hauna kitu ndani isipokuwa muhogo. Mama alipouona akataka kisu. Akauchemsha mwenyewe, amekaa kwenye kiti uani, mguu umenyooshwa juu ya ndoo, akauungia tui. Tulikula sote sinia moja: kaka, wifi, watoto wao, mama, mimi. Mkono wa mwanangu ulikuwa kati ya mikono mingine, na kwa mara ya kwanza tangu tufike sikuwa nimekaa naangalia vidole vya watu.

Siku ya kuondoka nilitaka kuvifunga vyombo vyangu begini. Sufuria moja haikuonekana, wala mwiko. Nikauliza. Mama akasema, "Hivyo vinabaki." Alikuwa ameshona mfuko wa kanga, ametia sufuria na mwiko ndani, amefunga kwa uzi mwekundu, na kaka kamwekea juu ya kabati la chumbani kwake, mbali na jikoni.

"Mtakuja tena," alisema. "Vya mjukuu wangu havitaguswa."

Uwanjani begi lilikuwa jepesi mpaka nikaliangalia mara mbili kwenye mizani. Afisa aliuliza kama nimebeba chakula. Nikafungua mkoba, nikamwonesha: tende, na muhogo wa kuchemsha ndani ya bakuli lenye mfuniko, wa kutosha saa 20.